Baiskeli za milimani Kondoa: tusizifukuze, tuzipangie njia

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako nimjibu msomaji mwenzangu aliyeandika kwamba hawa vijana wanaopanda na baiskeli za gia kwenye milima yetu huku Kondoa wapigwe marufuku kabla hawajaturudishia makorongo. Barua yake nimeisoma yote, nikairudia tena, maana mimi ndo fundi wa hizo baiskeli, nakula kupitia hao hao anaotaka wafukuzwe, naweka wazi mapema kwamba nina maslahi hapo ili msomaji ajue maneno haya yanatoka kwa nani. Ila mimi pia ni mtoto wa huku huku, shamba aliloacha mzee wetu liko kwenye mteremko unaoangalia bonde la mto Bubu, korongo sijalisoma kitabuni, nimelirukia nikienda shule.

Kuhusu hofu yake yuko sahihi kabisa na sitaki mtu amcheke. Watu wa Dar, na hata wengi walioingia Dodoma mjini baada ya serikali kutangaza kuhamia 2016, hawajui hii ardhi imepitia nini. Mwaka 1973 ulianzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, wenyewe tunauita HADO, kwa msaada wa Sweden, kwa sababu milima ya Irangi, hii hii yetu ya Kondoa, ilikuwa imebaki wekundu mtupu, mvua ikinyesha mchanga unashuka unajaza mito na mashamba ya chini. Wakachimba matuta, wakapanda miti, bado haikutosha, ikabidi mwaka 1979 mifugo yote itolewe kwenye eneo lililoharibika zaidi, kilomita za mraba 1,256, hebu fikiria mtu wa huku unamwambia ng'ombe wako wote peleka mbali au uza. Watu walitoa. Kuna wazee mpaka leo ukiwagusia hiyo habari wananyamaza kidogo kwanza ndo wakujibu. Lakini majani yalirudi, miti ikarudi, na mwishoni mwa miaka ya 80 ndo ng'ombe wachache wa maziwa wakaanza kuruhusiwa kwa sharti wafungwe bandani wakatiwe majani. Sasa mtu aliyeyaona hayo, au aliyehadithiwa na babu yake, akiona alama ya tairi imechora mstari kutoka juu ya kilima mpaka bondeni halafu mvua ya kwanza ikapita humo humo, ana haki ya kushtuka.

Ninapoachana naye ni pale anapoilaumu baiskeli. Mimi nasema tuangalie ule mstari umepitaje.

Kuna utafiti ulifanyika jimbo la Montana kule Marekani ukachapishwa 1994, walipitisha watembea kwa miguu, farasi, pikipiki na baiskeli kwenye njia za mlimani, wakamwagia maji kama mvua wakapima udongo unaosombwa, ikaonekana kwato na miguu vinalegeza udongo zaidi kuliko matairi, hasa njia ikiwa imelowa. Mfugaji wa huku hahitaji kwenda Montana kulijua hilo, aangalie tu njia ya ng'ombe ya kwenda lambo. Ila msije mkanisoma vibaya mkadhani natafuta wa kumsingizia, ng'ombe naye sina ugomvi naye. Nachosema ni kwamba kwenye mteremko mkali anayebeba udongo ni maji, na maji hayaulizi mfereji umechimbwa na kwato au na tairi, yakikuta njia inayonyooka kwenda chini yanaishika hiyo hiyo.

Na hapa ndo vijana wangu wanapokosea, niwaseme bila kuwaonea aibu. Wanakuja wikiendi kutoka Dodoma, kilomita kama 160 za lami, baiskeli zimefungwa juu ya Noah, wanafika wanatafuta kilima kirefu, wanasukuma mpaka juu, halafu wanashuka moja kwa moja mpaka mchangani mtoni, mmoja anarekodi kwa simu. Mara ya kwanza tairi linakandamiza tu majani, alama upana wa kiganja, huwezi hata kumlaumu mtu. Wakija tena wanafuata alama ile ile. Majani yanakufa, kichanga kinalegea, unaona kamfereji laini ambako ukipitisha kidole kinazama. Inakuja mvua ya Desemba, ile ya kwanza yenye hasira, maji ambayo yangetambaa kwenye majani yanaingia kwenye kale kamfereji, yanakimbia, na yakikimbia yanachimba, kokoto zinabaki zimetokeza juu, mizizi ya mti iliyokuwa imefunikwa unaiona hadharani. Wakirudi baada ya mvua wanakuta mfereji hauendesheki, wanafanya nini? Wanahamia pembeni. Wanachora wa pili. Baada ya hapo wa tatu. Mwenye shamba la chini anaamka anakuta mchanga umelala juu ya uwele wake.

Mimi haya siyajui kwa kupanda milima, siku hizi magoti yenyewe hayataki, nayajua kwa vitu vinavyoletwa karakana. Baiskeli haidanganyi. Tairi la nyuma likija limelika sehemu moja tu, limekuwa bapa hapo na kwingine meno bado mazima, najua huyu kafunga breki ya nyuma akaburuta tairi limesimama, na kila akiburuta anachimba. Pedi za breki zinakuja zimeisha mpaka chuma kinakwaruza diski, na ni zile zile nilizombadilishia juzi juzi tu. Nikimuuliza anasema fundi hizi pedi ulizoniwekea ni feki, nami namjibu mdogo wangu pedi ni nzima, ulikopita ndo pabaya. Sasa linganisha na baiskeli ya yule anayepita zile njia za ubavuni wanazotumia watu kwenda kijiji cha pili, ile inayozunguka kilima bila kukipanda wima: matairi yanalika sawasawa mbele na nyuma, pedi zinadumu, kinachoisha mapema ni cheni na meno ya gia kwa sababu anapiga pedeli muda wote. Yaani hata kwa mfuko wa mwenye baiskeli njia ya ubavuni ni nafuu, na mimi fundi ndo naambulia kidogo, mniamini basi ninapoisifia.

Sasa njia ya ubavuni inachorwaje. Hii kitu ina kanuni zake na watu wanaojenga njia za baiskeli duniani wanazifuata, si siri. Ya kwanza, ukali wa njia usizidi nusu ya ukali wa mteremko wenyewe. Kama kilima kinashuka mita 4 kwa kila mita 10, njia inayokikata isizidi kushuka mita 2 kwa kila mita 10, ikizidi hapo maji yanaona njia ndo rahisi zaidi kuliko mteremko na yatahamia humo. Ya pili, kwa wastani njia nzima iwe karibu asilimia 10, yaani kila mita 10 unapanda au unashuka mita 1, hiyo hata Phoenix iliyobeba gunia la mkaa inaimudu kwa kujikaza. Ya tatu, ukingo wa upande wa bondeni uwe chini kidogo kuliko upande wa mlimani, asilimia 5 hivi, macho hayaoni ila maji yanaona, yakifika yanavuka njia kwa upana yanaendelea kushuka kwenye majani bila kukusanyika. Ya nne, ambayo ndo tamu kuliko zote, njia isishuke mfululizo, kila baada ya kipande ishuke halafu ipande kidogo halafu ishuke tena, maji yakifika kwenye kale kabonde yanalazimika kutoka nje. Na vijana wanaodhani njia ya namna hii itakuwa ya kizee waulize wenzao waliozoea, vile vibonde na vituta ndo raha yenyewe, unasukuma mwili chini unapoingia na kuinuka unapotoka na baiskeli inaongeza mwendo bila kukanyaga pedeli, na kona zinakuja moja baada ya nyingine, sio kushuka tu umeng'ata meno mpaka chini halafu unaanza tena kusukuma.

Upana unatosha nusu mita mpaka mita moja. Vifaa ni jembe, sururu, reki, panga na watu.

Na watu tunao! Hili ndo limenifanya nishike kalamu. Kondoa hii kuna wazee, na kina mama wengi tu, waliochimba matuta ya kontua enzi za HADO, wanajua kukata mstari kwenye mteremko kwa kile kipimo cha miti mitatu iliyofungwa kama herufi A, kamba na jiwe vinaning'inia katikati, unakizungusha mguu kwa mguu unapiga vigingi. Kontua unaitafuta iwe sawa kabisa ili maji yasimame, njia ya baiskeli unaiacha ishuke kidogo, tofauti ni hiyo tu, mzee anayejua ya kwanza anafundishwa ya pili ndani ya asubuhi moja. Nilimwelezea mzee mmoja jirani habari hii, nikamwamkia, akaitikia marahaba, akanisikiliza mpaka mwisho huku anachonga mpini, akaniuliza swali moja, "Hao wa mjini watashika jembe au watashika simu?" Nikamwambia babu, mwenye baiskeli asiyetaka kuchimba asipande. Akacheka. Sijui kama alikuwa anakubali au ananicheka mimi.

Kwani huko ilikoanzia hii michezo walikuwa na nini cha ajabu? Miaka ya 70 kule Marin, California, vijana walichukua baiskeli kuukuu za Schwinn, nzito, breki ya kurudisha pedeli nyuma, wakawa wanashindana kushuka mlima kwenye barabara ya vumbi, na njia yenyewe wakaiita Repack kwa sababu ukifika chini girisi ya ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, imeshaungua yote inatoka moshi, inabidi ufungue ufungashe girisi upya. Mbio za kwanza pale ni 1976. Miaka 20 baadaye, 1996, mchezo huo huo uko Olimpiki ya Atlanta. Mimi fundi hiyo habari ya girisi huwa inanifurahisha kuliko hata medali. Halafu wale waliofuata wakajifunza, ukienda Wales kwenye msitu wa Coed-y-Brenin, ambao ndo wa kwanza Uingereza kutengenezewa njia maalumu za baiskeli za milimani miaka ya 90, utakuta sehemu kubwa wamepanga mawe chini na njia imepindapinda ubavuni mwa bonde, na nchi yenyewe mvua haikatiki. Sisi wenye miezi saba ya ukame tutashindwaje?

Nirudi nyumbani. Sio kila njia iliyopo inafaa kugeuzwa ya baiskeli, hapa naomba waendeshaji wanisikilize. Njia za kwenda kuchota maji muziache. Mama mmoja, mteja wangu wa kuziba pancha ya baiskeli ya mwanae, alinijia pale amekasirika kweli kweli, kakutana na watu wanne wanashuka kasi na yeye kabeba ndoo ya lita 20 kichwani. "Mwanangu fundi, hao watoto wako waambie, mimi na ndoo siwezi kurukia kwenye miba." Nikamwomba radhi kwa niaba yao. Ana haki. Njia ni ya mtembea kwa miguu kwanza, mwenye baiskeli asimame apishe, tena ashuke kabisa kama pembamba, na kengele ifungwe, baiskeli ya mamilioni inakosaje kengele ambayo kila Phoenix inayo.

Michoro ya Kolo nayo. Michoro yetu ya miambani iliingia urithi wa dunia wa UNESCO 2006 na sehemu kama Mungomi wa Kolo watu bado wanakwenda kufanya matambiko ya mvua, sio makumbusho yaliyokufa. Vumbi, mikono, watu kuegemeza baiskeli kwenye mwamba wenye mchoro, hivyo vyote havina dawa vikishatokea. Njia ya baiskeli ipite mbali kabisa, anayetaka kuona michoro aache baiskeli kituoni Kolo alipe kiingilio apande kwa miguu na mwongozaji kama wengine.

Mizinga ya nyuki pia, watu wanapita tu chini ya mti hawaangalii juu, siku nyuki wakikorofika hakuna gia itakayokuokoa.

Na mto. Bubu wakati wa kiangazi ni mchanga mpana mweupe, mtu wa mjini anauona kama uwanja, anashuka humo apige picha, na kwa matairi membamba anazama tu mpaka rimu. Lakini hatari ni mwezi wa kwanza na wa pili, kwako jua linawaka na huko juu kumenyesha, maji yanakuja ghafla na magogo. Wenyeji tunajua kusikiliza. Mgeni hajui. Kwa hiyo njia ikae juu ubavuni, ishuke mtoni pale tu penye kivuko, na msimu wa mvua njia za udongo wa mfinyanzi zifungwe kabisa mpaka zikauke, za kichanga zinaweza kufunguliwa mapema kidogo kwa sababu maji yanapotea haraka. Sheria rahisi ambayo hata mtoto anaielewa: tairi likiacha mfereji unaozidi kina cha kidole kilicholala, geuza urudi nyumbani.

Sasa nani anaamua haya yote? Hapa ndo naona barua ya mwenzangu imeruka, yeye anataka serikali ipige marufuku kutoka juu. Mimi nina wasiwasi na kila kinachotoka juu. Kuna kijiji, sitakitaja wala mradi wenyewe sitautaja, kilikuwa na njia nzuri ya miguu ubavuni mwa kilima, imekaa miaka haina shida, ikaja habari ya kuboresha kwa ajili ya wageni, wakaleta greda. Greda likapanua, likanyoosha kona, likakata miti ya ukingoni, likamwaga udongo uliolegea upande wa bondeni, picha zikapigwa. Masika iliyofuata njia ikawa mfereji, na ilipopita masika nyingine hata bodaboda waliikimbia, sasa hivi kina mama wamechora njia mpya juu yake kwa miguu yao wenyewe. Hakuna baiskeli hata moja iliyohusika pale, mwenzangu akitaka nimpeleke nitampeleka.

Sehemu kubwa ya ardhi hii ni ardhi ya kijiji, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji namba 5 ya 1999 inaipa halmashauri ya kijiji kuisimamia, na sheria ya serikali za mitaa ya 1982 inaruhusu kijiji kutunga sheria ndogo. Kwa hiyo kijiji kinaweza kukaa, kikasema njia ya baiskeli ni hii na hii, imeanzia hapa imeishia pale, nje ya hapo faini, msimu fulani imefungwa, mgeni analipa kiasi fulani ofisi ya kijiji anapewa risiti. Sehemu iliyo ndani ya msitu wa hifadhi wa serikali hiyo ni ya kuombea kibali kwa wahusika, isiguswe kienyeji. Na kwamba vijiji haviwezi kusimamia milima yao, hilo nalikataa, jirani zetu Babati kwenye msitu wa Duru-Haitemba vijiji vilikabidhiwa msitu wao miaka ya 90 wakaulinda wenyewe kwa sheria zao ndogo, na Singida kuna msitu wa Mgori, enzi hizo watu walikuja kutoka mbali kujifunza hapo. Sasa kama kijiji kinaweza kulinda msitu mzima kinashindwaje na njia ya nusu mita?

Na faida ipo, sio mimi tu na solosheni yangu ya pancha, ingawa mwiba wa mgunga kwa kweli ni rafiki yangu mkubwa. Mtu aliyepiga pedeli tangu asubuhi anakula bwana. Anakula ugali wa uwele na mlenda na kuku wa kienyeji na anaulizia kama kuna mwingine. Ananunua asali. Akichelewa analala. Kijana anayeijua milima anakuwa mwongozaji. Mwaka 2025 Kigali waliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli, yale ya barabara, mara ya kwanza kufanyika Afrika, na milima ya Rwanda ndo iliyokuwa gumzo. Sisemi tutaleta mashindano ya dunia Kondoa, sijachanganyikiwa, ila watu wenye baiskeli wanatafuta milima, na wa kwetu watakuja tu tukipenda tusipende, reli ya SGR imefika Dodoma 2024 na lami inapita mpaka Babati. Ukiwafukuza kwa karatasi watapita usiku au watapita kilima cha kijiji cha pili, na watapita wima vile vile kwa sababu hakuna aliyewaonyesha kwa kupita.

Ninachoomba ni kidogo na ni cha sasa hivi, kabla ya Novemba. Kijiji kimoja tu cha ukanda huu kichague kilima kimoja, kitoe wazee wawili watatu wenye kipimo cha A, waendeshaji watoe mikono na hela ya chakula cha siku hizo za kuchimba, mimi natoa sururu na kutengeneza bure kengele za atakayechimba, wachore njia moja ya ubavuni, ile mistari mitatu ya wima iliyopo wazibe kwa miiba na mawe ya kukinga maji na wapande majani, halafu tungoje mvua inyeshe tuone maji yameenda wapi. Yakienda vibaya, marufuku ya mwenzangu nitaisaini mimi wa kwanza.

Hela itakayolipwa na wageni iandikwe kwenye kitabu na isomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, ule wa kila miezi mitatu. Kwetu nimeshamwomba mwenyekiti ajenda hii iingie mkutano ujao, akaniambia haina shida fundi, tutaiweka kwenye mengineyo. Nimemrudia tena nikamsihi aipandishe juu, manake mengineyo yakifika watu wote wameshanyanyuka wanakung'uta vumbi kwenye kanga na suruali, na kinachopita hapo hakuna anayekikumbuka.

Wako msomaji,
Fundi baiskeli (jina linahifadhiwa)
Kondoa, Dodoma